Nani Analipwa Ruzuku ya Kilimo? Njia Tatu za Uwazi Zikilinganishwa

Serikali inapomlipa mkulima ruzuku, inamlipa kwa fedha za watu ambao wengi wao hawatamwona kamwe wala kulijua shamba lake. Kwa sababu hiyo, swali la nani amelipwa, amelipwa kiasi gani na amelipwa kwa ajili ya nini haliwezi kuachwa kuwa siri baina ya mkulima na ofisa aliyeidhinisha malipo. Nchi zilizokubali kulijibu swali hilo hadharani hazikulijibu kwa namna moja, na tofauti zilizopo kati yao zina uzito mkubwa, kwani ndizo zinazoamua kama mwananchi atabaki na jina tupu au ataweza kuzifuata fedha hadi mahali zilikoishia.

Njia ninazozilinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza ni ya Umoja wa Ulaya, ambako sheria inazilazimisha serikali zenyewe kutangaza majina kila mwaka. Ya pili ni ya Marekani, ambako orodha ilipatikana kwa kudaiwa, na wakati mwingine kwa kushtakiana mahakamani, kisha ikahifadhiwa na shirika la kiraia kwa miaka mingi. Ya tatu ni ya India, ambako majina ya wanaolipwa yanaweza kusomwa kijiji kwa kijiji. Ninawalenga watu wanaolazimika kuchagua: mbunge anayetunga kifungu cha sheria, kiongozi wa chama cha wakulima anayeulizwa kama wanachama wake wakubali kutajwa, na mhariri anayepanga ni taarifa ipi aidai kwanza.

Kabla ya kulinganisha, inafaa kukumbuka kwamba kwa muda mrefu orodha ya namna hii isingewezekana hata kama mtu angeitaka. Sera ya Pamoja ya Kilimo ya Ulaya, iliyoanza mwaka 1962, ilimsaidia mkulima hasa kwa kupandisha bei ya mazao yake sokoni, hivyo aliyelipa alikuwa mnunuzi wa mkate na siagi, na hakuna daftari lililoonyesha ni shamba gani lilinufaika kwa kiasi gani. Mageuzi ya mwaka 1992, na baadaye ya mwaka 2003, yaliuhamisha msaada huo kutoka kwenye bei hadi kwenye malipo ya moja kwa moja kwa mkulima, ambayo kwa sehemu kubwa hukokotolewa kwa hekta. Tangu hapo kila malipo yamekuwa na jina, tarehe na kiasi. Uwazi tunaouzungumzia leo ulizaliwa na badiliko hilo la namna ya kulipa, na ndiyo maana nitasisitiza mara kwa mara kwamba anayetaka kujua nani ananufaika hana budi kutazama kwanza fedha zinapitia njia gani.

Kiasi kinachohusika si kidogo. Katika bajeti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 hadi 2027, kilimo kilitengewa takriban yuro bilioni 387, yaani karibu theluthi moja ya bajeti yote, na Tume ya Ulaya yenyewe imekuwa ikikiri kwamba takriban asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa asilimia 20 ya wanufaika. Marekani nako, kwa hesabu za shirika la Environmental Working Group, asilimia 10 ya wapokeaji wakubwa wamechukua zaidi ya robo tatu ya ruzuku za mazao zilizolipwa tangu mwaka 1995. Hali hii haihitaji udanganyifu wowote ili itokee, kwa kuwa malipo yakipimwa kwa hekta au kwa wingi wa mazao, mwenye ardhi kubwa hupata zaidi. Lakini bila orodha ya majina, jambo hili lingebaki kuwa tetesi, na kila mjadala wa bajeti ungeendelea kuendeshwa kwa picha ya mkulima mdogo ambaye kwa kweli hapati sehemu kubwa ya fedha zinazoombwa kwa jina lake.

Ulaya: wajibu umewekwa juu ya serikali

Ulaya haikuanza kwa hiari. Denmark ilikuwa ya kwanza kuifungua orodha yake, mwaka 2004, baada ya waandishi wa habari kuidai, na Uingereza, iliyokuwa bado mwanachama, ikafuata Machi 2005, miezi michache tu baada ya sheria yake ya uhuru wa taarifa kuanza kutumika. Orodha ya Uingereza ilionyesha kwamba miongoni mwa waliolipwa alikuwemo Malkia Elizabeth II kwa ajili ya mashamba ya Sandringham, walikuwemo makabaila wenye ardhi ya urithi, na kwamba kampuni ya sukari ya Tate & Lyle ilikuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa kabisa kupitia malipo ya kusafirisha bidhaa nje ya Ulaya. Mwaka huohuo Nils Mulvad, Brigitte Alfter na Jack Thurston walianzisha farmsubsidy.org, wakakusanya taarifa za nchi moja baada ya nyingine na kuziweka mahali pamoja ili ziweze kutafutwa kwa jina.

Shinikizo hilo liliigeuza hoja ya waandishi kuwa sheria. Kanuni zilizopitishwa mwaka 2007 na 2008 ziliagiza kila nchi mwanachama itangaze jina la kila mnufaika, manispaa anakoishi na kiasi alicholipwa, na orodha kamili za kwanza zilitakiwa kutoka kufikia tarehe 30 Aprili 2009. Ujerumani ilisitasita, na ndiko kulikotoka kesi iliyobadilisha kila kitu. Shamba moja la ubia na mkulima mmoja wa jimbo la Hessen walipinga majina yao kuwekwa kwenye mtandao, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi zilizounganishwa C-92/09 na C-93/09, ikaamua kwamba utangazaji huo ulivuka mipaka kwa watu binafsi, kwa sababu haukutofautisha kabisa kati ya aliyelipwa mara moja na anayelipwa kila mwaka, wala kati ya aliyepata kidogo na aliyepata mamilioni. Kwa makampuni, mahakama iliuacha wajibu uendelee.

Wapo walioisoma hukumu hiyo kama kifo cha uwazi, na kwa miaka kadhaa orodha za Ulaya zilibaki kweli na makampuni peke yake. Mimi naiona kwa namna nyingine. Mahakama haikusema kwamba mlipakodi hana haki ya kujua. Ilisema kwamba mtunga sheria hakupima. Bunge la Ulaya na serikali za nchi wanachama zilipokaa tena, zikapima, na Kanuni ya 1306 ya mwaka 2013 ikayarudisha majina ya watu binafsi pamoja na maelezo ya kila aina ya malipo na lengo lake, lakini ikawaficha kwa namba ya siri wale wanaopata kiasi kidogo, yaani kisichozidi yuro 1,250 kwa mwaka. Zaidi ya hapo, katika manispaa yenye wanufaika wachache mno, ambako hata namba ya siri ingemfichua mtu, hutajwa eneo kubwa zaidi badala ya manispaa yenyewe. Huo ni utungaji wa sheria uliofanyika kwa uangalifu, na nchi yoyote inayoogopa mgogoro wa faragha ingeweza kuanzia hapo badala ya kuanza upya.

Orodha hizo hutangazwa kabla ya tarehe 31 Mei kila mwaka, kwa malipo ya mwaka wa fedha uliotangulia. Nguvu yake kubwa ni kwamba mwananchi hahitaji kuandika barua, kulipa ada, kuajiri wakili wala kueleza ni kwa nini anataka kujua. Serikali ndiyo inayodaiwa, na ikichelewa ni yenyewe iliyovunja sheria.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Kwanza, kila nchi ina tovuti yake, kwa lugha yake na mpangilio wake, na baadhi humruhusu mtu kutafuta jina moja moja tu bila kupakua orodha nzima, hivyo kampuni inayolima katika nchi nne huonekana kama wapokeaji wanne wasiohusiana. Pili, taarifa hukaa hadharani kwa miaka miwili tu kisha huondolewa, jambo ambalo linamnyima mtafiti uwezo wa kuona nani amekuwa akilipwa kwa muongo mzima. Tatu, na hili naliona kuwa kubwa kuliko mengine, orodha inataja mtu na kiasi lakini haitaji kipande cha ardhi kilicholipiwa.

Madhara ya pengo hilo la tatu yameonekana. Mwandishi wa habari wa Slovakia, Ján Kuciak, aliyeuawa Februari 2018 pamoja na mchumba wake Martina Kušnírová, alikuwa akiandika habari ambayo hakuimaliza kuhusu wafanyabiashara wa Kiitalia waliohusishwa na kundi la kihalifu la 'Ndrangheta na jinsi walivyopata fedha za kilimo za Ulaya mashariki mwa nchi yake. Ingawa kesi ya mauaji hayo iliendeshwa juu ya habari nyingine alizokuwa ameandika, kazi yake ya mwisho ilionyesha ni juhudi kiasi gani inahitajika ili kuunganisha jina lililo kwenye orodha na shamba lililo ardhini, hasa pale ambapo mtu anaweza kudai malipo kwa ardhi ambayo si yake. Mwaka 2025 Ugiriki nayo ilitikiswa na kashfa ya OPEKEPE, wakala wa serikali uliokuwa ukilipa ruzuku: Ofisi ya Mwendesha Mashtaka wa Ulaya ilichunguza madai kwamba watu walilipwa kwa malisho ambayo hawakuyamiliki wala kuyakodi, mawaziri walijiuzulu, na Tume ya Ulaya ikaamua kuikata nchi hiyo zaidi ya yuro milioni 390. Majina ya waliolipwa yalikuwa yakitangazwa miaka yote hiyo kama sheria inavyotaka. Kilichokosekana ni uwezo wa jirani kuona kwamba mlima anaoufahamu umeandikwa kuwa malisho ya mtu asiyemfahamu.

Marekani: kumbukumbu ndefu, mlango wa pembeni

Marekani imewalipa wakulima wake tangu Sheria ya Marekebisho ya Kilimo ya mwaka 1933, lakini majina yalifika kwa umma kwa njia ya madai. Mwaka 1996 gazeti la Washington Post lilishinda mahakamani dhidi ya Wizara ya Kilimo, iliyokuwa imekataa kutoa majina na anwani za waliolipwa ruzuku ya pamba, na jaji akaona kwamba maslahi ya umma yalizidi faragha ya mtu anayefanya biashara kwa msaada wa serikali. Mwaka 2001, wakati sheria mpya ya kilimo ikijadiliwa, Environmental Working Group iliiweka kanzidata nzima kwenye intaneti. Watu walisoma humo majina ya tajiri David Rockefeller, mmiliki wa vyombo vya habari Ted Turner na mchezaji wa mpira wa kikapu Scottie Pippen, na mjadala wa ni nani hasa anayeitwa mkulima ukahama kutoka ofisi za wabunge hadi kwenye meza za watu wa kawaida.

Ubora wa njia hii ni kumbukumbu. Kanzidata hiyo inarudi nyuma hadi mwaka 1995, inaweza kutafutwa kwa jina, kwa kaunti na kwa aina ya ruzuku, na haifutwi. Anayetaka kujua kama familia fulani imelipwa chini ya sheria tano za kilimo zilizofuatana anaweza kujua jioni moja, jambo ambalo kwa orodha rasmi za Ulaya haliwezekani. Wizara yenyewe, kupitia Wakala wa Huduma za Wakulima, baadaye ilianza kuweka wazi mafaili ya malipo yenye majina na anwani, hivyo msingi wa taarifa hautegemei tena barua za kila mwaka kwa kiwango ulivyotegemea mwanzoni.

Kasoro yake ni kwamba kilichopatikana kwa madai kinaweza kupunguzwa kimyakimya na Bunge, na ndivyo ilivyotokea. Sheria ya kilimo ya mwaka 2002 ilikuwa imeitaka wizara ifuatilie malipo yanayopita kwenye makampuni, ubia na vyama vya ushirika hadi kumfikia mtu wa mwisho anayenufaika, na mwaka 2007 matokeo ya ufuatiliaji huo yaliwekwa hadharani. Kwa mara ya kwanza watu waliona ni akina nani walio nyuma ya majina ya kibiashara. Mwaka uliofuata sheria mpya haikuendeleza wajibu huo. Wakati huohuo, Februari 2008, mahakama ya rufaa ya Washington katika kesi ya Multi Ag Media iliiagiza wizara itoe taarifa za mashamba pamoja na ramani zake, na miezi michache baadaye kifungu cha 1619 cha sheria hiyohiyo mpya kikazuia taarifa hizo zisitolewe tena. Kifungu hicho kiliacha wazi majina, anwani na kiasi cha malipo, lakini kikafunga ardhi. Kwa hiyo Marekani na Ulaya, zilizopita njia tofauti kabisa, zimefika kwenye ukuta uleule: jina linaonekana, shamba halionekani.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na naomba msomaji anayeandaa sheria alitafakari kwa kina. Mwaka 2014 Bunge la Marekani liliyafuta malipo ya moja kwa moja ya takriban dola bilioni 5 kwa mwaka, ambayo yalikuwa yamelaumiwa sana kwa sababu yalionekana, na likaiimarisha bima ya mazao, ambayo serikali huichangia kwa wastani zaidi ya nusu ya ada anayopaswa kulipa mkulima. Kwa mujibu wa sheria ya bima hiyo, majina ya wanaonufaika hayatolewi. Tena, ruzuku za kawaida za mazao zina ukomo kwa kila mtu, uliokuwa dola 125,000 kwa mwaka na kupandishwa hadi dola 155,000 mwaka 2025, lakini mchango wa ada ya bima hauna ukomo wa namna hiyo wala hauzuiliwi na kipato cha mkulima. Sidai kwamba wabunge wote walipiga kura kwa nia ya kuficha, kwa kuwa bima ina hoja zake nzuri za kumkinga mkulima dhidi ya ukame na mafuriko. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba sehemu inayokua ya msaada inapita mahali ambapo kanzidata bora kuliko zote duniani haifiki, na sheria ya uwazi inayotaja aina moja tu ya malipo itakuwa imewaonyesha wenye ushawishi ni aina ipi ya kuomba badala yake.

Hata ukomo wa malipo, pale unapokuwepo, hauwezi kulindwa na orodha isiyoonyesha watu walio nyuma ya makampuni. Katika ubia wa jumla kila mshirika anahesabiwa kuwa na ukomo wake, na sheria ya mwaka 2018 iliwaongeza binamu na wapwa katika orodha ya jamaa wanaoweza kuhesabiwa katika shamba la familia. Msomaji anayetazama jina la ubia bila kuona washirika wake hawezi kujua kama ukomo umefuatwa au umezungukwa kwa kuongeza ndugu. Ulaya imeanza kulishughulikia tatizo hili baadaye kuliko Marekani, lakini kwa uimara zaidi, kwani kanuni ya mwaka 2021 inamtaka mwombaji aliye sehemu ya kundi la makampuni alitaje kundi hilo.

Ukaguzi rasmi nao usisahaulike, kwa sababu orodha ya umma haikusudiwi kuchukua nafasi yake. Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iligundua kwamba wizara ilikuwa imelipa dola bilioni 1.1 kati ya mwaka 1999 na 2005 kwa watu waliokwisha kufariki. Baadhi ya malipo yalikuwa halali kwa ajili ya mirathi, lakini asilimia 40 yalikwenda kwa watu waliofariki miaka mitatu au zaidi kabla yake. Majina hayo yangeweza kusomwa na yeyote, ila msomaji wa mbali hawezi kujua ni nani yu hai, na hapo ndipo njia ya tatu inapokuwa na la kutufundisha.

India: orodha inayosomwa na majirani

Mpango wa PM-KISAN, uliozinduliwa Februari 2019, hulipa familia ya mkulima mwenye ardhi rupia 6,000 kwa mwaka kwa awamu tatu, moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Mtu yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti ya mpango huo, akachagua jimbo, wilaya na hatimaye kijiji, akaona majina ya wanufaika. Kwa kuwa kiasi ni kimoja kwa wote, swali la nani amepata zaidi halipo, na lililobaki ni kama aliyetajwa anastahili. Swali hilo hakuna anayeweza kulijibu vizuri kuliko mtu anayeishi naye, anayejua nani amehama, nani amefariki na nani ni mtumishi wa serikali mwenye mshahara mzuri.

Hata hivyo orodha peke yake haikutosha. Mwanzoni mwa mwaka 2021, wizara ikijibu ombi lililotolewa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005, ilikiri kwamba rupia bilioni 13.64 zilikuwa zimelipwa kwa zaidi ya watu milioni 2 wasiostahili, zaidi ya nusu yao wakiwa walipaji wa kodi ya mapato ambao masharti ya mpango yanawaondoa waziwazi. Kosa hilo lilikuwa la aina ambayo majirani hawawezi kuligundua kwa kusoma majina, kwa sababu mlipaji kodi hajulikani kwa sura; lilihitaji daftari la ruzuku lilinganishwe na daftari la kodi. Kuna upungufu mwingine ambao unanigusa zaidi. Mpango unamtambua mwenye hati ya ardhi, hivyo anayelima shamba la kukodi hamo, na orodha iliyo sahihi kabisa itaendelea kumficha mtu huyo kwa kuwa orodha ya waliolipwa haimwonyeshi aliyeachwa. Marekani na Ulaya pia zina wenye ardhi wanaopokea na wakodi wanaolima, lakini katika nchi ya wakulima wadogo wengi pengo hilo linagusa chakula cha kaya nzima.

Faragha: hoja inayostahili kusikilizwa

Wakulima wanaopinga kutajwa hawapaswi kuchukuliwa kwamba wote wana la kuficha. Kwa shamba la familia, jina la biashara na jina la baba mwenye nyumba mara nyingi ni kitu kimoja, na kiasi cha ruzuku kikijulikana, jirani anaweza kukokotoa ukubwa wa shamba na kukisia kipato. Anayetaka kununua ardhi au mazao yake naye atakuja mezani akiwa na taarifa ambazo mkulima hana kumhusu yeye. Nimesoma hoja hizi kwa makini na nakubali kwamba zina uzito kwa anayepata kidogo.

Kwa anayepata kiasi kikubwa, uzito wake unapungua haraka. Mtu anayeomba fedha za umma kwa ajili ya biashara yake anaingia katika uhusiano na umma, kama anavyoingia mkandarasi wa barabara ambaye thamani ya mkataba wake hutangazwa. Ulaya imeweka mstari kwa kutumia kiasi, na naona huo ndio msingi bora kuliko wa kutofautisha kampuni na mtu binafsi, kwani tofauti hiyo ya pili, iliyotumika kwa muda baada ya hukumu ya mwaka 2010, ilimficha mwenye hekta maelfu kwa sababu tu alilima kwa jina lake mwenyewe, na ikamweka wazi mwenye kampuni ndogo ya kifamilia. India, kwa kuwa kila mtu hupata kiasi kilekile kidogo, ingejifunza pengine kuonyesha majina kwa wanakijiji bila kuyaacha yakusanywe kwa pamoja na matapeli wanaotafuta watu wenye akaunti zinazoingia fedha kwa tarehe zinazojulikana.

Kuchagua

Kwa mtunga sheria ambaye angeruhusiwa kuchukua njia moja tu bila kuibadilisha, ningependekeza ya Ulaya. Sababu yangu ni moja: wajibu wa kutangaza uko juu ya serikali na umekwisha kupita katika tanuri la mahakama, hivyo hautegemei ukarimu wa waziri wala ustahimilivu wa shirika moja la kiraia. Njia ya Marekani imezaa taarifa nyingi na ndefu zaidi, lakini imezizaa kwa sababu ya sheria imara ya kupata taarifa, majaji waliokuwa tayari kuitekeleza na shirika lenye fedha za kuendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Penye upungufu wa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, kuiga Marekani kutazaa kesi zisizokwisha.

Chama cha wakulima wadogo kinachoulizwa kama kikubali uwazi kingefanya vyema kukubali kwa masharti mawili: kiwekwe kiwango cha chini ambacho chini yake jina halitajwi mtandaoni, na orodha ya kijiji ibandikwe ikiwa na nafasi ya mtu kulalamika kwamba ameachwa, wala isiishie kumshtaki aliyepokea. Hapo chama kitakuwa kimewalinda wanachama wake na pia kimepata ushahidi wa kuonyesha fedha zinakwenda wapi, ushahidi ambao, kwa uzoefu wa Ulaya na Marekani, huwa upande wa wadogo.

Kama kuna nafasi ya kuboresha sheria badala ya kuinakili, mambo matatu yanastahili kupiganiwa kwa mpangilio huu. La kwanza ni kwamba kifungu kitaje kila aina ya msaada, ikiwemo bima, mikopo nafuu na pembejeo za bei ya punguzo, ili fedha zisihamie gizani. La pili ni kutaja watu walio nyuma ya kampuni na ubia, kama Marekani ilivyofanya kwa muda mfupi mwaka 2007. La tatu ni kuunganisha malipo na eneo la ardhi kwa wanaopata kiasi kikubwa, na hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo litakalopingwa zaidi, japokuwa ndilo lenye thamani kubwa kwa mchunguzi.

Mwandishi wa habari hana haja ya kusubiri sheria hizo. Kwa orodha za Ulaya, kazi ya kwanza ni kupakua kila kitu mara tu baada ya tarehe 31 Mei na kukihifadhi, kwa kuwa baada ya miaka miwili hakitapatikana tena kwenye tovuti rasmi. Kazi ya pili ni kuyalinganisha majina hayo na daftari la makampuni. Kwa Marekani, aanzie kwenye kanzidata ya muda mrefu ili aone mwelekeo, kisha aende kwenye mafaili ya wizara kwa ajili ya anwani kamili, na anapoandika kwamba mtu fulani hapokei ruzuku, aeleze wazi kwamba bima ya mazao haimo katika hesabu yake.